Rafu za juu hazipoi na fundi kila mara anatia gesi

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka, na ndani yake kabati la baridi la kuonyeshea bidhaa, lile lililo wazi mbele, lenye rafu tano na mashine yake chini humo humo. Kwa miezi kadhaa sasa rafu mbili za juu hazishuki chini ya nyuzi 10, huku chini kunaganda barafu na asubuhi nakuta maji sakafuni. Fundi amekuja mara tatu. Kila akija analizima, analifungua, anatia gesi, na kweli linapoa siku chache, kisha tunarudi palepale. Sasa anasema kompresa imechoka, ama nibadilishe kompresa ama ninunue kabati jipya. Nifuate lipi? Na nikinunua jipya, nisimamie nini siku ya kulifunga?

Jibu: Ndugu yangu, pole kwa gharama. Jambo la kwanza ni la leo hii: ondoa kwenye rafu hizo mbili kila kinachoharibika kwa joto. Shirika la Afya Duniani linashauri vyakula vinavyoharibika haraka vikae chini ya nyuzi 5. Kwenye nyuzi 10 bidhaa itaonekana imepoa mkononi, lakini vijidudu vinaongezeka.

Sasa swali lako. Usinunue kabati bado, na kompresa usiiguse. Kwa dalili ulizotaja, nina shaka kubwa kwamba gesi haijawahi kuwa tatizo lako, na kwamba kabati lilipoa kila fundi alipokuja kwa sababu alilizima. Nitakueleza kwa nini, na jinsi ya kuhakikisha mwenyewe kabla hujatoa hela nyingine.

Kabati la wazi halina mlango, lakini lina pazia la hewa. Feni zilizo chini huvuta hewa kupitia wavu ulio ukingoni mwa rafu ya chini, huipitisha kwenye koili ya baridi, kisha huisukuma kupanda nyuma ya kabati. Sehemu ya hewa hiyo hupenya vitundu vya bati la nyuma na kuingia kwenye rafu. Iliyobaki hufika juu kabisa, hutokea kwenye mdomo wenye sega la plastiki, na kushuka mbele ya rafu mpaka kwenye wavu ilikoanzia. Mkondo huo unaoshuka ndio unaoitenga baridi ya ndani na joto la duka. Hautengi kikamilifu: kwenye makabati wima ya wazi, takribani robo tatu ya joto ambalo mashine inahangaika kuliondoa ni la hewa ya duka inayojipenyeza kupitia pazia hilo. Taa, kuta, mota za feni na bidhaa zenyewe hugawana robo iliyosalia.

Hewa hiyo ikiingia inaingia na unyevu wake, na unyevu huganda kwenye koili. Hilo ni la kawaida, ndiyo maana kabati hujisimamisha mara kadhaa kwa siku ili barafu iyeyuke, yaani difrosti. Shida huanza pale barafu inayoganda inapozidi inayoyeyuka. Mapezi ya koili yanazibana taratibu, feni zinazunguka vilevile lakini hewa inayopita inapungua. Safari ndefu kuliko zote ni ya kufika mdomo wa juu, kwa hiyo mdomo wa juu ndio unaokosa kwanza. Pazia linakuwa dhaifu, linakatika kabla ya kufika chini, hewa ya duka inaingia zaidi, unyevu unaongezeka, barafu inanenepa. Rafu za juu zina joto, chini kuna barafu, sakafuni kuna maji: wewe umeniorodheshea dalili tatu, mimi naona ugonjwa mmoja.

Hapo ndipo geji, yaani kipimo cha presha, inapomponza fundi. Anafunga geji upande ambako kompresa hunyonya gesi, anakuta presha iko chini, anahitimisha gesi imepungua. Lakini koili iliyozibwa na barafu nayo hushusha presha, maana gesi ndani yake haipati joto la kuichemsha. Presha peke yake haiwezi kutofautisha mambo haya mawili. Kinachotofautisha ni supahiti, yaani tofauti kati ya joto la bomba linalotoka kwenye koili na joto ambalo gesi inachemkia kwa presha ile.

Chukua mfano wa kabati linalotumia R-134a, mojawapo ya gesi za friji. Geji inasoma baa 1, ambayo kwa gesi hiyo ni sawa na kuchemkia kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Fundi anafunga kipimajoto kwenye bomba la kunyonya pale linapotoka kwenye koili. Kikisoma nyuzi 4 juu ya sifuri, supahiti ni 14: gesi imeisha kuchemka mapema na sehemu kubwa ya koili haifanyi kazi, basi ama gesi ni pungufu, ama filta imeziba, ama kapilari (kibomba chembamba kinachoipimia koili gesi) imeziba, ama valvu ya upanuzi, inayofanya kazi hiyo hiyo kwenye makabati mengine, haifunguki vya kutosha. Kikisoma nyuzi 9 chini ya sifuri, supahiti ni 1: koili imejaa gesi ambayo bado ni kimiminika kwa kukosa joto, na tatizo ni hewa. Makabati mengi yenye valvu ya upanuzi hurekebishwa yakae kati ya 4 na 6 hivi. Kwenye mfumo wa kapilari namba hiyo huyumba zaidi kulingana na joto la chumba, lakini 1 na 14 bado ni habari mbili tofauti kabisa.

Ukiongeza gesi kwenye koili ambayo tayari imeshindwa kuchemsha iliyopo, ziada inarudi kwenye kompresa ikiwa bado kimiminika. Huko inachanganyika na mafuta, inayapunguzia uzito, na vyuma vinasagana bila kilainisho cha kutosha. Ndiyo kusema, ikiwa kompresa yako kweli imeanza kuchoka, huenda gesi ya kuongeza imechangia.

Kuna jambo jingine la kumuuliza fundi wako, kwa heshima tu. Kompresa iliyochoka haiwezi kunyonya vizuri wala kusukuma vizuri, kwa hiyo presha ya kunyonya hupanda, presha ya kusukuma hushuka, na ampea huwa chini ya zilizoandikwa kwenye kibati cha mashine. Gesi pungufu hushusha presha ya kunyonya. Mara tatu ameongeza gesi, maana yake aliona presha ya kunyonya iko chini. Iweje sasa kompresa iwe imechoka? Mwombe akuonyeshe presha zote mbili na ampea, kabati likiwa halina barafu. Fundi mwenye vipimo hatachukia. Anayekasirika kuulizwa namba mara nyingi hana namba.

Jaribio lenyewe ni hili, na halihitaji geji. Hamishia bidhaa zote kwenye friji nyingine. Zima kompresa, na kama kidhibiti cha kabati (kile cha kuwekea joto) kinaruhusu acha feni za ndani zizunguke. Kama hakiruhusu, zima kabati lote na uchomoe plagi. Fungua rafu ya chini na bati linalofunika feni, uache hivyo saa 24. Koili ikionekana safi kwa mbele usidanganyike. Barafu ngumu hujificha nyuma ya koili, chini yake, na ndani ya sinia la maji. Piga tochi katikati ya mapezi uone kama mwanga unatokea upande wa pili. Usichokonoe kwa kisu wala bisibisi: mabomba ya koili ni membamba, na ukilitoboa moja utamhitaji kwelikweli yule fundi wa gesi.

Barafu ikiisha yote, weka ndoo mwisho wa bomba la kutolea maji na umimine maji ya uvuguvugu kidogo kidogo kwenye sinia. Yakikawia au yakirudi, umepata chanzo cha maji ya sakafuni, na pengine cha barafu pia, kwa sababu maji ya difrosti yasiyopata njia huganda tena difrosti ikiisha. Huwa nakuta humo lebo za bei, vipande vya nailoni na utelezi mweusi. Safisha, kausha, rudisha mabati yote mahali pake bila kuacha skrubu hata moja, kisha washa kabati likiwa tupu. Bati la nyuma likiachia pengo la vidole viwili, hewa itatokea hapo badala ya kupanda.

Kwa kupima joto, usikitegemee kidhibiti. Sensa yake iko kwenye hewa, mara nyingi karibu na mdomo au wavu, na inakuambia habari za hewa pale ilipo. Tumbukiza kipimajoto kwenye chupa ya maji na uiweke katikati ya rafu ya juu, nyingine rafu ya chini mbele. Soma baada ya saa kadhaa. Chupa haibabaishwi na difrosti wala na mtu aliyepita, inakuonyesha joto ambalo bidhaa inalipata.

Sasa matokeo. Ikiwa kabati litapoa juu na chini kwa usawa, likae vizuri siku mbili tatu au wiki, halafu rafu za juu zianze tena kupanda huku barafu ikirudi, basi gesi ipo na kompresa inafanya kazi. Unatafuta kwa nini barafu inazidi. Ikiwa kwa koili safi na feni zote zikizunguka bado halishuki tangu saa za mwanzo, hapo nakubali tuzungumze habari za gesi, kompresa na kondensa, yaani koili ya moto inayotupa joto nje. Na ikiwa upande mmoja wa kabati ni baridi na mwingine ni joto, hesabu feni kabla ya kitu kingine chochote, moja imesimama.

Nadhani utaangukia kwenye la kwanza, kwa hiyo nikae hapo kidogo.

Anza na difrosti. Kwa makabati ya nyuzi juu ya sifuri, difrosti ni kusimama kwa kompresa tu, feni zikiendelea kupitisha hewa ili koili iyeyuke. Mipangilio ya kawaida ni mara 4 hadi 6 kwa siku, dakika 20 hadi 40 kila mara, ingawa kitabu cha mtengenezaji ndicho chenye kauli ya mwisho. Kosa ninalolikuta sana ni mtu kushusha kidhibiti mpaka nyuzi 1 au 0 kwa kuwa rafu za juu zina joto. Kompresa haisimami tena, koili haipati nafasi ya kupumua kati ya difrosti na difrosti, na barafu inashinda. Kama umeshashusha, rudisha palipokuwa. Angalia pia sensa ya kumaliza difrosti, ile iliyochomekwa kwenye koili. Ikichomoka na kuning'inia hewani, inasema koili imeyeyuka wakati bado ni jiwe, na difrosti inakatishwa mapema. Kwenye makabati ya kugandisha kuna hita za difrosti, na hizo hupimwa kwa mita, moja moja, maana hita moja ikikatika zilizobaki huficha kasoro kwa wiki kadhaa.

Halafu wavu wa chini. Simama mbele ya kabati lako jinsi linavyokuwa saa za biashara. Je, kuna boksi, kikapu au kibao cha bei kilichofunika wavu? Bidhaa za rafu zinatokeza mbele kuvuka mstari wa kujazia? Kila kinachotokeza hupasua pazia na kulitupa nje ya kabati, kwa hiyo unalipoza duka na unavuta hewa yake ya joto. Mfanyakazi anayejaza rafu usiku hajui hili mpaka aambiwe. Bandika kipande chembamba cha karatasi laini kwenye wavu: kinatakiwa kinyonywe kuelekea ndani, urefu wote wa kabati. Kikipeperushwa nje sehemu fulani, feni ya hapo imefungwa kinyume au mota iliyobadilishwa inazunguka upande usio wake. Feni ya namna hiyo bado inavuma, ndiyo maana inaweza kukaa mwaka bila mtu kuigundua. Kisha washa kijiti cha udi na upeleke moshi kwenye mdomo wa juu. Moshi ushuke mpaka kwenye wavu. Ukitawanyika mbele ya rafu ya pili au ya tatu, angalia sega la mdomo. Vumbi likiziba vitundu vyake, hewa hutoka kwa kujipinda. Sega huchomolewa na kuoshwa kwa maji ya sabuni, kazi ya dakika chache ambayo kwenye makabati mengi haijawahi kufanywa tangu yaliponunuliwa.

Moshi ukikatika na sega ni safi, tazama juu na pembeni: feni ya dari, mdomo wa kiyoyozi, mlango ulio mkabala. Makabati haya hupimwa kiwandani kwenye chumba ambamo hewa inatembea kwa takribani mita 0.2 kwa sekunde, mwendo ambao ngozi haiuhisi. Feni ya dari inapuliza mara nyingi zaidi ya hapo. Nimeona kabati lililotiwa gesi, likabadilishiwa valvu, likabadilishiwa kidhibiti, kisha likaponywa kwa kugeuza tu bapa za kiyoyozi zinazoelekeza upepo.

Unyevu nao unastahili hesabu, kwa sababu unaeleza kwa nini kabati lile lile ni zuri chumba hiki na baya kile. Viwango vya kimataifa vya ISO 23953 vina madaraja ya hali ya hewa ya chumba. Daraja la 3, ambalo makabati mengi ya wazi yametengenezewa, ni nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60. Kilo moja ya hewa ya namna hiyo ina takribani gramu 12 za maji. Chumba chenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 kina karibu gramu 22 kwa kilo. Ukijumlisha joto la hewa yenyewe na joto la kugeuza mvuke kuwa maji, kila kilo ya hewa inayopenya pazia kwenye chumba cha pili inaiongezea mashine mzigo wa takribani asilimia 70 zaidi ya chumba cha kwanza. Hakuna gesi ya kuongeza itakayofidia hilo. Tafuta daraja kwenye kibati cha kabati lako, nunua kipimaunyevu cha bei ndogo, ulinganishe. Kama chumba kimezidi daraja, dawa ni kiyoyozi, pazia la usiku la kushusha duka likifungwa, au milango ya vioo.

Ukiona jaribio limeangukia upande wa pili, yaani kabati halipoi hata likiwa safi, usirukie gesi. Kondensa kwanza. Iko chini mbele au nyuma ya wavu wa mashine, na kwa kuwa feni yake hunyonya kutoka sakafuni, hujaa vumbi na nywele mpaka huoni chuma. Piga brashi laini kufuata mwelekeo wa mapezi, malizia kwa mashine ya kufyonza vumbi, hakikisha feni yake inazunguka kwa kasi. Kila nyuzi 1 ambayo joto la kondensa linapanda huongeza matumizi ya umeme kwa takribani asilimia 2 hadi 3, na uwezo wa kupoza unashuka. Kisha angalia umeme wakati kompresa inawaka: volti zikianguka zaidi ya asilimia 10 chini ya zilizo kwenye kibati, shida ni waya mwembamba au plagi iliyoungua, na hiyo ni kazi ya fundi umeme.

Baada ya hapo ndipo gesi. Na hapa naomba unielewe vizuri: gesi haiishi kwa kutumika. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa kwa maisha yote ya mashine. Ikipungua, imevuja, na fundi aliyeongeza bila kutafuta tundu amekuuzia gesi ya kwenda hewani. Uvujaji huacha doa la mafuta. Sehemu za kutazama ni nati za maungio, valvu ndogo za kufungia geji, mikunjo ya mwisho ya koili, na popote mabomba mawili yanaposuguana. Fundi atoe gesi iliyobaki kwa mashine ya kuikusanya, ajaze naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni, azibe, avute vakyumu (atoe hewa yote kwenye mabomba) mpaka mikroni 500 au chini yake kwenye kipimo cha vakyumu na aangalie kama inabaki hapo, abadilishe filta, kisha ajaze kwa mzani gramu zilizoandikwa kwenye kibati. Kabati la mashine ndani hubeba gesi kidogo sana, na gramu 50 za ziada ni nyingi. Mzani ndio unaojua, geji inakisia. Naitrojeni haina mbadala. Asithubutu kutumia oksijeni kupima presha, kwa sababu oksijeni ikikutana na mafuta ya kompresa ndani ya bomba inalipuka, na kuna mafundi waliokufa hivyo.

Soma pia jina la gesi. Kama kibati kinasema R-290, hiyo ni propani, na gesi hiyo ya friji haitiwi harufu, kwa hiyo pua haitakuonya. Makabati mengi ya aina hiyo yana chini ya gramu 150, kiasi kilichokuwa kikomo cha kiwango cha IEC, tume ya kimataifa ya viwango vya umeme, kwa miaka mingi kabla ya kupandishwa hadi takribani gramu 500 mwaka 2019. Kazi yake ni ya fundi aliyefunzwa: chumba kipitishe hewa, mabomba yakatwe kwa kikata bomba, asiwashe moto wa kuchomelea mpaka propani yote itoke na naitrojeni ipite, na rilei, yaani swichi ya kuwashia kompresa, ikibadilishwa iwe ile ile iliyoidhinishwa. Na akikushawishi atie R-290 kwenye kabati lililotengenezwa kwa R-134a au R-404A kwa kuwa inapoa vizuri na ni rahisi, kataa. Swichi, feni na taa za kabati hilo hazikuundwa kuwa karibu na gesi inayowaka.

Ikitokea mashine kweli imekufa, ndipo tuzungumze kununua. Mimi ningependelea kabati la milango ya vioo. Wauzaji watakuambia mteja hanunui asichokigusa, na huenda kwa bidhaa fulani ni kweli, lakini ukikumbuka ile robo tatu ya joto inayopita mbele, utaona mlango unaokoa nini. Uliza kama vioo vina hita ya kuzuia ukungu na kama hita hiyo inaweza kupunguzwa. Chumba cha nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60 hutoa umande kwenye kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 17 hivi; cha nyuzi 30 na asilimia 80, chini ya nyuzi 26. Uliza daraja la hali ya hewa kabla ya kuuliza rangi.

Siku ya kulifunga, kabati lisafirishwe limesimama. Likilazwa, likae wima saa 24 kabla ya kuwashwa ili mafuta yarudi ndani ya kompresa. Mahali pasiwe mkabala na mlango, pasipigwe jua, pasiwe chini ya feni wala kiyoyozi. Nafasi ya nyuma na juu iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu. Kulibana ukutani ili kuokoa sentimita kumi ni kuifanya kondensa ivute hewa yake yenyewe ya moto.

Kusawazisha ndiko mafundi wenye haraka wanakokuruka. Weka pima maji kwenye sakafu ya ndani ya kabati, kwa urefu na kwa upana, urekebishe miguu mpaka povu likae katikati. Kabati lililoinama nyuzi chache halioni shida kupoza, lakini maji ya difrosti yanakusanyika kona isiyo na tundu, yanaganda, na mwaka haujaisha uko kwenye hali uliyo nayo leo. Kama maji yanatolewa nje kwa bomba, bomba lishuke walau sentimita 2 kwa kila mita na liwe na mkunjo unaobaki na maji ndani. Bila mkunjo huo, feni hunyonya hewa ya joto na harufu ya mtaro kupitia bomba hilo hilo.

Umeme uwe na laini yake, swichi yake na waya wa ardhi, bila waya wa kuunganishia vifaa vingine. Weka kilinda volti chenye kuchelewesha kuwaka dakika 3 hadi 5, ili umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa isianze kusukuma dhidi ya presha iliyobaki.

Ukichukua aina ambayo mashine inakaa nje na mabomba yanapita darini, gharama ya fundi isikuume. Anapochomelea, naitrojeni itiririke polepole ndani ya bomba, vinginevyo masizi meusi yatabaki ndani na kwenda kuziba valvu. Bomba la kunyonya liinamie upande wa kompresa na lifunikwe kote, na palipo na kupanda juu kuwe na mkunjo chini wa kurudisha mafuta. Balbu ya valvu ya upanuzi, ile inayohisi joto la bomba, ifungwe kwenye sehemu ya bomba iliyolala, igusane nalo vizuri, isiwe upande wa chini, na izungushiwe kifuniko cha joto.

Usikubali kujaza bidhaa siku hiyo hiyo. Kabati la maonyesho limeundwa kutunza baridi ya bidhaa iliyokwisha kupozwa. Kupoza bidhaa ya moto si kazi yake, na bidhaa iliyopakiwa ikiwa na joto la chumba inaweza kuchukua siku nzima kushuka. Liache tupu saa 24, na chupa zako za kipimajoto juu na chini, lipite angalau difrosti mbili. Kisha fundi aandike mbele yako joto la hewa inayotoka mdomoni na inayoingia kwenye wavu, presha mbili, supahiti, ampea, volti wakati wa kuwaka, na saa za difrosti, pamoja na joto na unyevu wa chumba siku hiyo. Karatasi hiyo ibandike ndani ya mlango wa mashine na uipige picha pamoja na kibati. Usimalize malipo kabla hujaipata.